Nyuzi Zilizolegezwa

Tarehe 9 Februari

Chiriku,

Namba yangu umeifunga, kwa hiyo naandika kwa mkono kama mzee wa zamani. Bahasha nitaipitisha chini ya mlango wa hiyo studio yenu iliyo juu ya karakana ya matairi. Usiichane kabla hujaisoma. Ukishaisoma, ichane utakavyo.

Leo asubuhi nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, redio ikatangaza bendi mpya ya roki inayoitwa Bila Ruhusa, wimbo wa kwanza kutoka kwenye albamu yao ya kwanza. Nikajua ni wewe kabla hujafungua mdomo, maana nani mwingine angeipa bendi jina la kutafuta ugomvi. Ukaimba. Kinyozi akaacha kunyoa, akasema huyu dada ana pumzi. Mimi nikatoka nje na kile kitambaa chake shingoni, nikasimama barabarani mpaka wimbo ulipokwisha.

Sikuandikii kukusifia wala kukuponda. Nina neno moja tu. Mpiga gitaa wako amekaza nyuzi mno, na wewe unaimba juu kuliko ulivyowahi kuimba na sisi. Mwambie azilegeze. Zote, za gitaa na za besi, wimbo mzima ushuke kama tulivyokuwa tukipiga kwenye bendi yetu, Nyaya Tupu. Kisha mrekodi upya. Kama albamu haijakwisha, bado mna nafasi.

Utataka kujua kwa nini. Usiulize. Miaka yote tuliyopiga pamoja sijawahi kukuelekeza vibaya kwenye muziki, na hilo hata ukiwa na hasira namna gani huwezi kulikana.

Mama anakusalimu. Anasema humpigii.

Kaka yako


Tarehe 13 Februari

Kaka,

Usiniite Chiriku. Jina hilo ulinipa nilipokuwa sina meno ya mbele, na sasa ninayo yote.

Umesahau tulivyoachana? Ngoja nikukumbushe, maana wewe ukishakosea tu unashikwa na ugonjwa wa kusahau. Ukumbi ulijaa, watu wamesimama mpaka kwenye ngazi. Nikakugeukia nikakuomba wimbo wa mwisho ukaze nyuzi, tuupandishe, siku hiyo tu. Nilikuomba kwa kunong'ona. Wewe ukanijibu na maiki yako iko wazi: "Hutaweza." Ukumbi mzima ukasikia. Wakacheka. Mpiga dramu wetu, mtu tuliyekula naye sahani moja, naye akacheka. Nikaweka maiki chini nikatokea mlango wa nyuma. Bendi ikafa siku hiyo, na aliyeiua si mimi.

Na kila nilipokuuliza kwa nini ni sisi tu tunaopiga chini chini kama watu wanaoogopa kuamsha mtoto, ulikuwa na jibu lile lile. Gitaa langu lina shingo mbovu, nikikaza litavunjika. Tukakuonea huruma. Nimeimba chini ya uwezo wangu ujana wangu wote kwa ajili ya kipande cha mbao.

Hapa hatuna gitaa gonjwa. Mpiga gitaa wetu tunamwita Miwani, mchana anatengeneza friji za watu. Siku ya kwanza alikaza nyuzi kama wanavyokaza watu wote, akaniambia ingia. Nikaingia. Ikatoka sauti ambayo sikuwa naijua. Ilikuwa yangu, lakini ni kama chumba kilichokuwa ndani ya nyumba yangu na mtu amekaa na ufunguo. Mzito, anayepiga dramu, aliacha kupiga akabaki ananitazama. Tumesimamisha magodoro ukutani, chini yetu wanagonga rimu kutwa, kwa hiyo tunarekodi wakienda kula. Nyimbo zote zimekwisha ila mbili. Hii ndiyo albamu yangu ya kwanza ambayo hukunishika mkono, na imetoka nzuri kuliko zote ulizonishika.

Unaniambia nishushe, halafu unaniambia nisiulize kwa nini. Hapo ndipo uliponimaliza. Hata mbwa akiambiwa kaa anaonyeshwa mfupa.

Sishushi.

Mwimbaji wa Bila Ruhusa


Tarehe 17 Februari

Mdogo wangu,

Kurasa tatu za maneno makali, na mwishoni hushushi.

Lile gitaa lina shingo mbovu. Nilisema hivyo jana, nasema hivyo leo, na kesho utanikuta hapo hapo. Maiki sikujua kwamba iko wazi. Lakini neno lenyewe silirudishi.

Nina swali moja, naomba ulijibu bila kelele. Asubuhi unaamkaje? Sauti inatoka mara moja, au mpaka unywe maji ya moto na ukohoe kwanza? Mkimaliza kurekodi unaweza kuongea na watu, au unaitikia kwa kichwa? Nijibu hilo tu, mengine yote nitukane utakavyo.

Kaka yako


Tarehe 2 Machi

Wewe ni muongo.

Jana nilipita kwenye ile hoteli unakopiga siku hizi, kwenye ukumbi wa chakula, watu wanatafuna na wewe unawaliwaza. Nilisimama nje upande wa jikoni, dirisha lilikuwa wazi. Sikuja kukuona wewe. Nilikuja kuliona gitaa.

Limekazwa. Nina masikio, Kaka, na uliyenifundisha kuyatumia ni wewe. Nyuzi ziko juu kama za watu wote, na ile shingo gonjwa imenyooka kama rula. Ulipiga nyimbo nyingi nimesimama pale, mpishi mmoja akaniuliza kama natafuta kazi, na gitaa halikuvunjika. Halikulalamika hata kidogo.

Kumbe miaka yote ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na sasa naelewa kwa nini. Tukiwa chini, gitaa lako ndilo linalosikika na mimi nakuwa msindikizaji. Nikipanda, nani atakutazama wewe? Wivu tu. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, sikujua kwamba nguo yenyewe tumeshonewa na mama mmoja.

Unataka kujua asubuhi naamkaje. Naamka vizuri sana. Majirani wanalalamika. Umefurahi?

Wiki ijayo tunarekodi wimbo wa mwisho, ule wa kufungia albamu. Miwani alitaka tuupige kawaida. Nimemwambia aupandishe zaidi, juu kuliko nyimbo nyingine zote. Nimeupandisha kwa ajili yako, uusikie hata ukiwa huko jikoni kwenu.

Usiniandikie tena.


Tarehe 8 Machi

Mwanangu,

Barua uliyomwandikia kaka yako nimeisoma. Aliiacha juu ya cherehani yangu makusudi. Yeye hana mdomo, lakini anajua mimi nina macho. Nimeacha gauni la mtu halina mikono ili nikuandikie, na mwenyewe anakuja kulichukua jioni, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Kaka yako hakukuonea wivu. Aliyemwambia alegeze hizo nyuzi ni mimi.

Unaukumbuka ule muhula uliopoteza sauti? Ulikuwa umetoka kwenye mashindano ya kuimba ya shule, umerudi na kikombe, na mezani huwezi hata kuomba chumvi. Tulikuambia ni mafua. Hayakuwa mafua. Daktari wa koo alituita ndani, mimi na kaka yako, wewe tukakuacha nje kwenye benchi na juisi. Akasema koo la huyu mtoto limeota vinundu. Vitapona, lakini akilazimisha sauti za juu vitarudi, na vikizidi kurudi, siku moja sauti itaondoka moja kwa moja. Akiimba chini, ataimba mpaka azeeke.

Ningekuambia wewe? Wewe ambaye ukiambiwa pasi ni ya moto unaigusa ujue ni ya moto kiasi gani? Ungepanda juu siku ile ile, kwa ubishi tu. Kwa hiyo nilimwambia kaka yako, wakati huo hata ndevu hana, kwamba mdogo wako anataka kuimba na hakuna wa kumzuia, basi wewe mpigie, na umpigie chini, na usimwambie. Hilo la shingo ya gitaa alilizua mwenyewe. Nilimsifu kwa akili. Watu wakamcheka, wakaliita gitaa la mgonjwa wa mgongo, naye akanyamaza. Na pale ukumbini alikataa kwa sababu hiyo hiyo, wewe ukambwagia bendi.

Sikuombi radhi. Wanasema mtoto akililia wembe, mpe. Wanaosema hivyo hawajawahi kumfunga mtoto kidonda. Mimi sikukupa, na umeimba miaka yote hii na koo lako zima.

Shusha hizo nyimbo. Na huo wa mwisho usiuguse. Kisha nipigie simu, nimechoka kusikia habari zako kwa kinyozi.

Mama


Tarehe 19 Machi

Mama,

Nimeona ulivyopiga na kupiga. Sipokei kwa kuwa sina cha kupokelea. Daktari amenikataza kuongea, amenikataza hata kunong'ona. Naandika kila kitu. Nikienda dukani naonyesha kwa kidole, na muuzaji ananiongelesha kwa kupaza sauti kama vile mimi ni kiziwi.

Barua yako ilifika nimeshaurekodi ule wimbo. Niliuimba mara moja, mwanzo mpaka mwisho. Prodyuza akasema safi, hebu turudie kwa usalama. Nikafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Wakadhani natania. Siku iliyofuata ndipo Mzito akaniletea bahasha yako, nikaisoma nimekaa kwenye ngazi za karakana, na watu wa matairi wakanisogezea ndoo wakidhani nataka kutapika.

Mlikaa kikao juu ya koo langu, wewe na Kaka na daktari, na mimi niko nje kwenye benchi nanyonya juisi kwa mrija. Koo la nani?

Unasema ningegusa pasi. Sawa, labda ningegusa, nilikuwa mtoto. Lakini Mama, utoto wangu ulikwisha lini kwenu? Nimepanga nyumba yangu, nimemzika baba pamoja nanyi, nimesimama mbele ya maelfu ya watu, na katika miaka yote hiyo hamkupata asubuhi moja ya kuniambia mwenzetu, hapa una kidonda? Kama ningejua, nisingemwomba Kaka akaze nyuzi ukumbini. Nisingeondoka. Nisingeupandisha wimbo ule kwa kumkomoa yeye. Mlinificha ugonjwa mkaniachia hasira, na hasira ndiyo iliyonipandisha mpaka huko juu. Kisha unaniambia huombi radhi.

Kaka aliniuliza asubuhi naamkaje, nikamwambia vizuri. Nilimdanganya. Tangu Januari naamka nakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Angeniambia kwa nini anauliza, ningemjibu ukweli. Lakini nyumba yetu si nyumba ya kujibiana ukweli, ni nyumba ya kulindana, na sasa tazama tulivyolindana.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, ulikuwa ukituambia hivyo ukituchapa. Mbona anayelia ni mwana, tena bila sauti?

Hapana, sijui kama itarudi. Daktari naye hajui.

Binti yako


Tarehe 27 Machi

Mdogo wangu,

Mama alilia uliposomwa waraka wako, kisha akakasirika kwa sababu amelia, na sasa nyumba haikaliki. Ameshona mkono wa gauni la mtu nje ndani.

Umetoa hasira zako, pokea na zangu. Mimi nilikuwa mpiga gitaa. Unajua maana yake? Kuna bendi kubwa iliniita, unaijua, wale wanaosafiri na basi lao, wakasema njoo na dada yako. Nikawakataa, maana wangekukazia nyuzi wiki ya kwanza. Wewe nilikuambia hawalipi vizuri. Kila mpiga gitaa wa mji huu amenitania kwa lile gitaa, na mimi nilijitia hamnazo nikacheka nao. Pale hotelini ndipo nilipolikaza kwa mara ya kwanza nikasikia linavyolia kweli, na niliona aibu kama mtu anayekula chakula cha mwenzake. Halafu wewe unasimama dirishani na kuniita mwenye wivu. Nilitamani kulivunja kweli, ili angalau uongo wangu uwe na maana.

Basi. Yaliyomwagika hayazoleki, tushike yaliyobaki. Juzi nilikwenda studio kwenu. Nilimkuta Miwani, Mzito na prodyuza. Nikawaeleza kila kitu, ugonjwa wako, daktari wa zamani na huyu wa sasa. Nikawaambia albamu yote ishushwe, mrekodi upya ukipona, na ule wimbo wa mwisho ufutwe kabisa, usitoke, ili kesho na keshokutwa watu wasije wakakulazimisha kuuimba jukwaani. Prodyuza akakuna kichwa. Mzito akatazama viatu vyake. Miwani akafuta miwani yake polepole, akaniuliza, "Yeye amesema hivyo?" Nikamwambia hawezi kusema, ndiyo maana nimekuja mimi. Akasema, "Basi tutangoja."

Mtu mkavu sana yule. Simpendi. Mwandikie umwambie nimekuja kwa niaba yako, tulimalize hili jambo haraka.

Kaka yako


Tarehe 6 Aprili

Kaka, na umsomee Mama kwa sauti, usimwachie kwenye cherehani,

Nilipoisoma barua yako nilivaa viatu nije nikupige. Nilifika mpaka mlangoni, nikakumbuka kwamba nikifika siwezi kukutukana, na kukupiga bila kukutukana hakuna raha. Nikarudi ndani.

Hujajifunza kitu. Nimewaandikia kwamba mmeniumiza kwa kuamua mambo yangu nyuma ya mlango, na wewe ukaikunja barua, ukaiweka mfukoni, ukaenda kuamua mambo yangu nyuma ya mlango mwingine. Umewamwagia watu ugonjwa wangu kabla sijaamua nani aujue. Ulikwenda kwa upendo, najua. Wewe na Mama hamjawahi kunifanyia ubaya ila kwa upendo.

Miwani alikuja kwangu siku ile ile. Hakuleta pole, hakuleta matunda. Aliketi, akatoa karatasi, akaniandikia. Sijui kwa nini na yeye aliandika, masikio yangu ni mazima. Aliandika: "Kaka yako amesema. Wewe unasemaje? Tushushe, tusishushe, au tuache albamu kabisa? Sisi tutafuata." Nikalia, Kaka, na kilichoniliza ni hasira. Mtu ambaye hatujajuana hata mwaka ndiye wa kwanza kuniuliza.

Nilichukua siku kadhaa. Nikaenda kwa daktari peke yangu, na maswali yangu nimeyaandika, nikamkalia kooni mpaka akajibu yote. Sauti imeanza kurudi. Jana niliruhusiwa kusema maneno machache, nikamwambia muuzaji wa duka kwamba mimi si kiziwi. Ya chini itarudi nzima. Ya juu naweza kuichezea mara chache, kisha nitapoteza zote mbili. Hilo amelisema mbele yangu, uso kwa uso, na sikugusa pasi.

Kwa hiyo tunashusha. Miwani ameshalegeza nyuzi, tukipata ruhusa ya daktari tunarekodi upya, na albamu itatoka imechelewa. Furahi ukipenda, lakini furahia kwako. Nashusha kwa sababu nataka kuimba nikiwa na mvi.

Ile bendi yenye basi, sikukuomba uikatae. Inaniuma kwamba uliikataa, na inaniuma zaidi kwamba hukuniambia, maana ningekubebea gitaa mpaka mlangoni kwao. Nina deni gani sasa ambalo sikulikopa? Usimlegezee mtu nyuzi tena. Acha hizo kumbi za chakula, tafuta watu, piga juu. Hiyo nakuambia kama mwanamuziki kwa mwanamuziki. Mambo ya kaka na dada bado sijayafikia.

Sasa ule wimbo wa mwisho. Haufutwi. Haushushwi. Utatoka kama nilivyouimba, mara moja ile, na pale mwishoni sauti inapoanza kuchanika tumeacha vile vile, prodyuza alitaka kupasafisha nikamkatalia. Nimeusikiliza mara nyingi nikiwa siruhusiwi kusema. Ni mzuri, Kaka. Ni mzuri kuliko chochote tulichowahi kufanya, na nina hasira kwamba niliimba vile bila kujua ninachotumia. Ningejua, ningeuimba vile vile. Lakini ningekuwa najua.

Jukwaani sitauimba kamwe. Watu watauomba, watapiga kelele, nami nitasema hapana na kwenda wimbo mwingine. Na kwa kuwa wewe ni kaka yangu watakujia wewe, kwa kinyozi, hotelini, watakuuliza kwa nini dada yako haimbi ule wimbo. Usiwaambie habari za koo. Usiwaambie ulinionya. Usinitetee.

Waambie wamuulize mwenyewe.

Mdogo wako